Kadi ya marehemu: nani mwenye haki ya kudai?

Kigoma ni mkoa wa soka. Ujiji na Mwanga wametoka wachezaji waliovaa jezi za Simba, Yanga na Taifa Stars, na baadhi yao wameshatangulia mbele za haki. Ikitokea kampuni imechapa kadi yenye sura ya mmoja wao, zile kadi za picha za wachezaji ambazo mashabiki hununua na kukusanya, familia huja juu: "Nani kawaruhusu?" Swali ni la haki kabisa, ila mahakama ina yake mawili ya kuanzia. Wewe unayedai ni nani kisheria? Na marehemu alikuwa na makazi ya kudumu wapi siku alipofariki? Kesi inaweza kufia hapo kabla hakimu hajaishika hiyo kadi.

Tuanze na makazi. Haki ya mtu kumiliki thamani ya sura yake ilipewa jina Marekani mwaka 1953, katika kesi ya Haelan dhidi ya Topps, kampuni mbili za bablishi zilizogombea picha za wachezaji wa besiboli. Hao walikuwa hai. Kwa waliokufa, kila jimbo lina lake: California inalinda sura miaka 70 baada ya kifo, Indiana miaka 100, New York miaka 40 kwa sheria iliyoanza kutumika 2021. Kabla ya hapo New York haikuwa na habari na marehemu. Mabinti wa Babe Ruth, nyota wa besiboli aliyefariki 1948, walishindwa mwaka 1990 walipodai kalenda iliyochapwa na picha za baba yao. Jina lake lilikuwa limesajiliwa kama alama ya biashara kwa bidhaa za karatasi, karata zikiwemo, na bado halikuwaokoa. Mahakama ilisema kusajili jina hakukupi umiliki wa kila picha ya mwenye jina.

Kesi inayotuhusu sisi zaidi ni ya Princess Diana. Wasimamizi wa mali zake walishtaki Franklin Mint, kampuni ya vitu vya ukumbusho, huko California wakakwama, kwa sababu alifariki akiwa mkazi wa Uingereza, na Uingereza hairithishi haki hiyo. Mzee wetu aliyefia hospitali ya Maweni hapa Kigoma naye atapimwa kwa sheria ya kwao, na Tanzania hatuna sheria mahususi inayorithisha sura. Indiana ni tofauti: wao hutazama kadi imetumika wapi, si marehemu aliishi wapi. Kwa hiyo kabla hujamlipa wakili wa Marekani hata senti, muulize kadi zinauzwa jimbo gani.

Ndiyo maana nasema sura peke yake ni msingi dhaifu. Tafuta mkataba. Kama marehemu alisaini na klabu, wakala au kampuni ya kadi, soma kifungu cha picha: ruhusa ni ya muda gani, ni kwa bidhaa zipi, na inaisha akistaafu au akifa? Malipo aliyokuwa anadai ni mali ya mirathi kama deni lingine lolote.

Na karatasi isiyo na saini kamili ni balaa. Diego Maradona alifariki Novemba 2020. Miezi michache baadaye kampuni ya Sattvica, ya aliyekuwa wakili wake, ikaomba ihamishiwe alama ya biashara yenye jina lake huko Ulaya. Warithi wakapinga. Tarehe 7 Novemba 2023 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ngazi ya chini ikaikatalia Sattvica: nyaraka zake hazikuonyesha mkataba wa uhamisho uliosainiwa na pande zote mbili, na kasoro hiyo haikuweza tena kurekebishwa kwa kuwa mwenyewe keshakufa.

Sasa, wewe ni nani? Kuwa mtoto wa kwanza au mjane hakutoshi. Anayedai ni msimamizi wa mirathi. Kwa kawaida unahitaji cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini za waliohudhuria, na maombi mahakamani: Mahakama ya Mwanzo kama mirathi ni ya Kiislamu au ya kimila, vinginevyo Wilaya au Mahakama Kuu. Balaa kubwa ni majina. Cheti cha kifo kina majina matatu, mkataba wa klabu una mawili, na kadi ina jina la utani la uwanjani. Andaa kiapo kinachosema wote hao ni mtu mmoja, mapema, kabla upande wa pili haujalishikia bango.

Kwa Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne tangu uteuliwe unatakiwa kujaza Fomu namba 5 ya mali na madeni. Watu huandika nyumba, shamba na baiskeli, basi. Andika pia mikataba, malipo yanayodaiwa na alama ya biashara kama ipo. Ukifungua shauri, andika wazi kwamba unashtaki kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani; ukiliacha hilo, pingamizi la awali linakusubiri.

Jihadhari na wanunuzi wa vitu vya zamani. Kampuni za kadi hununua barua, hundi na mikataba, zikakata saini na kuibandika ndani ya kadi. Jezi hukatwa vipande vivyo hivyo. Mwaka 1999 kampuni ya kadi ya Upper Deck walilipasua gongo lenyewe la Babe Ruth la kupigia mpira, wakasambaza vipande vyake kwenye kadi. Ukishauza kitu bila masharti, kukizuia kisikatwe ni kazi ngumu. Masharti yaandikwe kwenye hati ya mauziano, na hati isainiwe na msimamizi, si na shemeji aliyekuwa na ufunguo wa sanduku.

Ukiiona kadi, nunua moja na utunze risiti. Piga picha mbele na nyuma, kwa sababu nyuma, kwa maandishi madogo, ndiko kwenye jina la mchapishaji, mwaka na aliyetoa leseni. Kisha peleka barua ya madai. Usikae nayo sana: kwa sheria ya ukomo hapa kwetu, madai ya mkataba yana miaka 6, madhara ya nje ya mkataba miaka 3. Na kama jina la marehemu bado lina soko, lisajiliwe kama alama ya biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara.