Panga lililotembea ukutani kwa mama

Mwezi wa tano nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu vifaa vya mwanga. Darubini tulishamaliza, kamera tulishamaliza, tukafika kwenye ile taa ya kurushia picha ukutani. Vitabu huichora kwa mistari: taa, kioo mbonyeo nyuma yake, lenzi mbili nene, slaidi (kipande cha kioo chenye picha) iliyogeuzwa kichwa chini, lenzi ya mbele, ukuta. Kila mwaka wanafunzi huikariri, huichora kwenye mtihani, basi. Mwaka huu binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, wewe umeshaiona?"

Nina miaka kumi na saba kazini. Sikuwa nimeiona.

Jioni ile nilishuka sokoni Mwanjelwa, Mbeya, badala ya kwenda nyumbani. Nilinunua lenzi tatu za mkono, zile wazee wanazosomea gazeti. Fundi vioo akanikatia vipande kutoka kwenye mabaki yake, kila kimoja sentimita nane na kidogo kila upande, kwa sababu nilishasoma kwamba hicho ndicho kipimo walichokizoea Waingereza wa enzi za Malkia Victoria. Seremala wa mtaani kwetu akanipigia kisanduku cha mbao za paini, nami nikakipaka rangi nyeusi kwa ndani. Mwanga ulitoka kwenye tochi ya kuchaji. Picha nilizichora mwenyewe kwa maka peni na rangi ya kucha ya mke wangu.

Wakati rangi inakauka nilikuwa nasoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuipenda taa hii. Mholanzi Christiaan Huygens alikuwa nayo mwaka 1659, na kati ya michoro aliyoiandalia mmoja ni wa kiunzi cha mifupa kinachovua fuvu lake. Yaani tangu siku ya kwanza mwenyewe alijua kwamba chombo hiki kinatisha. Mwishoni mwa karne ya 18 kule Paris, Étienne-Gaspard Robert, aliyejiita Robertson, aliificha taa yake nyuma ya pazia na kuiwekea magurudumu. Akiisogeza, mzimu ulioko kwenye pazia unakua na kuwajia watu gizani. Watu wa Paris, waliosoma na waliovaa vizuri, walipiga mayowe.

Victoria alipokuwa malkia, taa ilikuwa imeingia kila mahali: kumbi, makanisa, vyama vya kupinga pombe, sebule za wenye nafasi. Nyumbani iliwashwa kwa mafuta ya taa. Kwenye kumbi kubwa walichoma kipande cha chokaa kwa moto wa oksijeni na haidrojeni mpaka kikawaka mweupe wa kuumiza macho, na gesi zenyewe zilikaa kwenye mifuko ya mpira iliyokandamizwa kwa mizigo. Ilikuwa kazi ya hatari. Pale Polytechnic ya Regent Street, London, jumba la maonyesho ya sayansi lililofunguliwa mwaka 1838, walitumia taa mbili kwa pamoja. Moja inafifia, nyingine inakolea, na kinu cha maji kilichokuwa kwenye jua la kiangazi kinafunikwa na theluji mbele ya macho yako. Watoto walipenda zaidi slaidi ya mtu aliyelala: mdomo unafunguka na kufumba, panya wanaingia mmoja baada ya mwingine. Picha hizo zote zilitembezwa kwa mkono. Kipande kimoja cha kioo kinateleza juu ya kingine, au kigurudumu kinazungushwa taratibu, huku msimuliaji akiongea pembeni.

Halafu nikafika kwa David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti. Ukisimama Kyela ukatazama upande wa ziwa, milima ile mirefu ya mashariki ina jina lake, kwa hiyo kwetu si mgeni. Januari 1854 alikuwa kwa chifu Shinte wa Walunda, karibu na mpaka wa leo wa Zambia na Angola, na kwenye mizigo yake alikuwa na taa hii. Picha ya kwanza ilikuwa Ibrahimu ameinua kisu juu ya Isaka. Kina mama walisikiliza kimya. Alipoivuta slaidi kuiondoa, kisu kikasogea upande wao. Wakaita "Mama! Mama!" na kukimbia wakikanyagana, na hakuna aliyekubali kurudi.

Kisa hiki nimekikuta kimesimuliwa mara nyingi, na wengi hukikatia hapo, kina mama wakikimbia. Kinaniuma kila ninapokikuta hivyo. Aliyekiandika ni Livingstone mwenyewe, na hakuishia hapo. Anasema Shinte alikaa mpaka picha ya mwisho, kisha akakisogelea chombo na kukikagua. Anasema pia kwamba kila alipoonyesha alieleza jinsi taa inavyofanya kazi, watu wasije wakadhani ni mambo ya mizimu, na kwamba watu walitoka mbali kuja kuona picha na kusikiliza maelezo. Robertson aliwaficha watu wake siri. Kwa Shinte siri iliwekwa wazi, na mwenyeji akataka kuona ndani.

Likizo ya Juni nilikipakia kisanduku kwenye basi kwenda kwa mama, Kiwira. Baridi ya Juni huko mnaijua, ukungu unaingia mpaka sebuleni. Tulimaliza kula, nikatundika shuka jeupe, nikazima taa. Alikuwepo mama, shangazi, wajomba wawili, na watoto kama tisa hivi kwenye mkeka upande wa kushoto.

Ng'ombe alipita vizuri. Mgomba ulipita vizuri, na shangazi akasema mkungu wenyewe umenenepa kuliko wa kwake. Ya tatu ilikuwa mtu ameinua panga kukata mkungu. Lenzi hugeuza kila kitu: ukivuta kioo kulia, picha inakwenda kushoto. Hilo nimelifundisha miaka kumi na saba. Nikavuta kioo kulia.

Panga likawaendea watoto.

Mkeka ulibaki mtupu. Wa miaka mitano alishafika jikoni, na mjomba mmoja, mtu mzima mwenye ng'ombe kumi na wawili, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Shangazi alikuwa ameshika kifua, "Mama yangu wee! Mama yangu!" Maneno yaleyale. Nilisimama na kioo mkononi, mwili umenisisimka. Watoto hawa wana simu mikononi tangu wakiwa na miaka miwili, wanaangalia katuni usiku na mchana, na bado panga la rangi ya kucha limewainua mkekani.

Mama hakuwa ameinuka. Alisubiri kelele zikapungua, akaja na kitenge chake mabegani mpaka mezani.

"Baba, hebu washa tena."

Nikawasha. Akainama, akachungulia kwa pembeni, akagusa mbao, akasogeza kiganja mbele ya lenzi na kuona mwanga umejaa mkononi. Akakichukua kioo, akakigeuza huku na huku.

"Mbona umemweka kichwa chini?"

Nikamweleza kwamba miale hupishana ikipita kwenye lenzi, ya juu inakwenda chini na ya chini juu. Alinisikiliza kama nilivyotamani darasa langu linisikilize. Kisha akakichomeka kioo mwenyewe, kichwa chini, akakivuta taratibu kulia, akakirudisha kushoto. Panga likaenda, likarudi. Akavuta tena. Mlangoni pa jikoni vichwa vikaanza kuchungulia.

"Njooni," akawaambia. "Mnakimbia nini? Ni mkono wangu huu."

Walikuja wote, wakapanga foleni wavute kwa zamu, mpaka tochi ikaisha chaji. Kisanduku nimekiacha kwake. Cha darasani seremala ameshaanza, na safari hii nimemwomba aweke mlango wa pembeni.