Taifodi Mara Tatu, Kumbe Sonona

Mwaka ule nilitibiwa taifodi mara tatu. Ya kwanza nilikubali, maana kichwa kiligonga na mwili ulilegea kweli. Ya pili wakaongeza na yutiai. Ya tatu mke wangu alikunja cheti akasema, "Baba Neema, hii taifodi imekupenda." Hata kucheka nilishindwa.

Nalima zabibu Hombolo, Dodoma, ekari moja na nusu. Mzabibu usipopogolewa kwa wakati haukupi kitu cha maana. Asubuhi moja nilisimama kwenye mstari wa kwanza, mkasi mkononi, nikalitazama tawi nisijue nikate wapi. Kazi niliyoifanya miaka 12! Nikakaa chini, jua likanikuta palepale. Na wala sikuwa nalia. Nilikuwa mtupu tu. Saa tisa usiku macho kwenye bati mpaka majogoo. Watoto wakicheka nawafokea. Mlenda niliokuwa nagombania na wanangu nikawa naumeza kama dawa.

Majina hayakukosekana. Jirani aliuita uvivu. Mama alisema nimetupiwa kitu, kama shangazi yangu aliyetupiwa alipojifungua mtoto wa pili, akakaa miezi hasemi na mtu wala hataki kumshika mtoto.

Shemeji yangu nesi ndiye aliyetamka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili pale Dodoma. Nilimkasirikia. Hospitali ile ipo tangu enzi za Mwingereza, na nchi nzima ukitaka kumtukana mtu unamwambia apelekwe huko. Utotoni nikipita kwenye uzio wake na baiskeli nilikuwa nakanyaga pedeli kwa nguvu zaidi. Siku ya kwenda nilivaa kofia nikaishusha hadi kwenye nyusi.

Daktari alikuwa binti mdogo, akaanza na shikamoo. Damu alichukua, ila akanieleza kuwa hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona, ule ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu hamu na nguvu kwa muda mrefu. Alikuwa anaondoa vinavyofanana nayo, kama upungufu wa damu au tezi ya shingoni iliyolegea. Iliyobaki ilikuwa kuulizana. Maswali 9, yote kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3: hamu ya mambo, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, akili kutotulia. La mwisho linauliza kama umewaza kwamba ni heri ufe. Nilinyamaza. Akaweka kalamu chini, akasubiri. Nikasema ndiyo, siku kadhaa. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni, na sikugeuka kumtazama. Jumla ikaja 17 kati ya 27.

Akauliza kingine ambacho nilidhani hakihusiani: kama nimewahi kuwa na siku nyingi mfululizo silali na wala sichoki, naongea kupita kiasi, natapanya hela. Hapana. Kumbe wapo wanaopanda na kushuka, na hao wakipewa dawa za sonona peke yake zinaweza kuwapandisha vibaya. Nilipomsimulia ya shangazi alisema inawezekana kabisa ilikuwa sonona ya uzazi, na kwamba kinachorithiwa kwenye ukoo ni wepesi wa kuugua tu, mengine huongezea maisha. Kwangu maisha yalikuwa yameongezea msiba wa baba na deni la viuatilifu, mwaka mmoja.

Hapo niliumia kuliko kwenye lile swali la mwisho. Shangazi alitembezwa kwa waganga wangapi?

Nilipewa fluoksetini, dawa ya sonona, kidonge kimoja asubuhi, na tarehe za kurudi kuongea na mshauri. Daktari alinionya kwamba nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa, na nikipona nisiache, niendelee kwa miezi. Wiki ya tatu sikuona kitu, nikataka kuvitupa; mke wangu akavihamishia kwenye kabati lake, akawa ananikabidhi kimoja kimoja na kikombe cha maji. Kwanza ulirudi usingizi. Mlenda ukafuata. Shamba lilichelewa, msimu huo nilivuna kidogo sana.

Mama bado anasema nilitupiwa kitu. Lakini siku ya kliniki ikikaribia ndiye anayenikumbusha, na nauli ya daladala anatoa yeye.