Siku moja maishani mwangu: nachanganya chakula cha ng'ombe

Saa 10:30 alfajiri. Kabla ya kugusa gunia lolote naitazama ndoo ya maji niliyoichota jana jioni na kuiacha wazi ili klorini itoke. Ninachotia kwenye chakula ni bakteria hai wa jamii ya Lactobacillus, wanaopunguza bakteria wabaya tumboni mwa ng'ombe, na klorini ya maji ya bomba huwaua. Maji ya moto nayo vilevile.

Saa 11. Kuchanganya. Kila ng'ombe anapaswa kupata bakteria wapatao bilioni 1 kwa siku, na wote hao hawajazi hata kijiko cha chai. Ukiwamwaga kwa mkupuo, mmoja atakula fungu la wenzake kumi. Kwa hiyo nanyunyiza polepole huku mashine ikizunguka, kisha nachota konzi tatu, mwanzo wa hori, katikati na mwisho, nazifinya kulinganisha unyevu. Monensini, dawa tunayoitumia dhidi ya koksidia, vimelea vya utumbo, ni kavu. Hiyo naikoroga kwanza kwenye debe la pumba. Mwaka jana mwenzangu aliruka hatua hiyo nikakuta donge zima horini. Tulikizoa chakula chote. Monensini ikizidi huua ng'ombe, na farasi hufa kwa kiasi ambacho ng'ombe anakimudu.

Saa 1 asubuhi, ndama. Kuna aliyezaliwa usiku, bado miguu inamtetemeka. Huyu simpi nyongeza yoyote kabla hajashiba dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, tena ndani ya saa 6 za mwanzo, maana baadaye utumbo wake huacha kupitisha kinga ya mama. Wakubwa wake kidogo nawatilia kwenye maziwa sukari za ukuta wa hamira: baadhi ya bakteria wa kuharisha hung'ang'ania sukari hizo badala ya utumbo, wakatoka na kinyesi.

Saa 8 mchana nasugua mabirika ya maji. Kazi hii huniuma mgongo, lakini siiachi, kwa sababu E. koli O157, bakteria hatari kwa watu, huishi kwenye utelezi ule wa chini na ng'ombe hurudi kuinywa. Ng'ombe mwenyewe haumwi. Anakula, anacheua, ananenepa, na nyama ikichafuliwa na kinyesi chake mtoto wa mtu anaharisha damu na figo zinaweza kufeli. Bakteria huyo alijulikana mwaka 1982 huko Marekani, kwa watu waliokula hambaga. Bakteria wangu huwapunguza O157, hawawamalizi. Anayekuuzia nyongeza kwa ahadi ya kuwamaliza, usinunue.

Saa 10 jioni, sampuli. Navaa glovu ndefu na kuchukua kinyesi ndani ya njia ya haja, kwa kuwa O157 hujishikiza hapo mwishoni kabisa mwa utumbo. Cha sakafuni hujui ni cha nani. Vichupa vinaingia kwenye barafu, kila kimoja na namba ya sikio.

Saa 12 jioni naosha ndoo, nachota maji ya kesho, naiacha wazi.