Kisu cha babu kimebaki Tukuyu

Kisu cha babu kilikuwa kinalia. Ukikifungua kinasema kra-kra-kra, meno ya loki, kile kinacholizuia bapa lisijikunje, yakipanda moja baada ya jingine, na sisi wajukuu tukisikia mlio huo tulijua kuna muwa unamenywa. Ni kisu aina ya Okapi: mpini wa mti, nyota na mwezi wa shaba ubavuni, na kipete cha kuvuta unapotaka kukikunja. Babu alirudi nacho kutoka Joni, yaani Johannesburg, miaka ya hamsini, alikokwenda kuchimba dhahabu kwa mkataba wa WENELA, shirika lililokuwa likiajiri watu wa migodini, kama wanaume wengi wa Rungwe wa rika lake, kabla Tanganyika huru haijaifunga njia hiyo. Alirudi na sanduku la bati, mablanketi na kisu. Sanduku lililiwa na kutu zamani.

Ukubwani ndipo nikajua kwamba visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika. Mjerumani huyo huyo ndiye aliyeiita Tukuyu yetu Neu Langenburg. Siku hizi vinatoka Afrika Kusini. Babu hayo hayakumhusu. Yeye alitaka kisu kinachoshika makali.

Basi nilipohamia Leeds, Uingereza, nilikuja nacho, kwenye begi kubwa. Wiki ya pili nikiwa kituo cha basi njaa ikanibana, nikatoa chungwa, nikatoa na Okapi. Kra-kra-kra. Mama aliyekuwa karibu yangu akainuka akasogea mpaka mwisho wa benchi, akamvuta na mtoto. Mimi huyo naendelea kumenya, najiona mstaarabu kwa sababu maganda natia mfukoni.

Aliyenifungua macho ni Mkenya mmoja tuliyekuwa naye kazini ghalani. Aliniambia, "Kaka, hicho kiache nyumbani. Hapa utafungwa nacho." Nilidhani ananitisha. Kumbe sheria ya Uingereza iko wazi: kisu unachoruhusiwa kutembea nacho bila kuulizwa sababu ni cha kukunja, kisichojifunga kwa loki, na makali yake yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kikiwa na loki, hata kikiwa kidogo kama kidole, lazima uwe na sababu inayoeleweka, kama kazi unayokwenda kufanya. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 4. Na hata kile kinachoruhusiwa, ukimtishia nacho mtu kimekwisha kuwa silaha. Mimi sababu yangu ilikuwa chungwa. Likizo iliyofuata nikakirudisha Tukuyu.

Ndipo nikaanza kutafuta kingine, na hapo nimepoteza pesa kidogo.

Cha kwanza kilikuwa Opinel namba 8, cha Kifaransa, mpini wa mti, chepesi ajabu. Nilikipenda kabla sijakishika vizuri, hata sikuona kwamba ile pete ya shingoni inayozunguka ndiyo loki yenyewe. Tena makali yake ni sentimita 8.5, kwa hiyo kina makosa mawili. Nikasema kitakuwa cha shamba, nikaenda nacho nyumbani mwezi wa nne. Sasa wewe unayeijua Tukuyu mwezi wa nne, cheka. Mvua ya kwetu kwa mwaka inapita milimita 2,000, na mti ni mti: mpini ulivimba, bapa likakwama ndani, nikawa nakigonga kwenye jiwe ili kifunguke. Na kwa kuwa nilichagua cha chuma cha kawaida, utomvu wa ndizi ukakifanya cheusi ndani ya siku mbili. Hicho chuma kinanoleka vizuri kuliko kisichoshika kutu, sikatai. Ila kinataka mtu wa kukifuta kila akimaliza kukata, na mimi si mtu huyo.

Cha pili kilikuwa kile cha Kiswisi kinene chenye msumeno, mkasi, koleo na mambo mengine mpaka unachoka kuhesabu. Kilivuta suruali upande mmoja kama nimebeba kufuli la duka. Mwezi haukuisha kikawa kinalala kwenye droo.

Nilichokaa nacho ni cha kampuni hiyo hiyo ya Kiswisi, Victorinox, wanakiita Cadet. Milimita 84 kikikunjwa, hakifiki gramu 50, mpini wa alumini usiovimba, bapa moja tu la maana lisiloshika kutu. Hakina loki, springi tu. Dukani nilikifungua na kukifunga mara kumi, nikasukuma bapa kushoto na kulia kuona kama linacheza. Ukinunua cha namna hii kumbuka jambo moja: usichome nacho, kata tu. Nilitaka kutoboa tundu kwenye mkanda, kikajikunja juu ya kidole cha shahada. Kovu ninalo.

(Kuna na kadogo ka kuning'iniza kwenye funguo. Hako nilikasahau mfukoni nikisafiri kwa ndege kutoka Dar kwenda Songwe, na kwenye ukaguzi kakabaki. Kisu chochote weka begi la chini, usibishane.)

Mwaka jana nilimletea baba mdogo Cadet kama yangu. Ana kitalu cha miche ya parachichi upande wa Katumba, anabebesha Hass, aina ya parachichi, yaani anaunga kikonyo chake juu ya miche ya kienyeji. Nilimpa baada ya shikamoo, akakipimapima kiganjani.

"Hiki cha mtoto, mwanangu?"

"Kijaribu kwanza, baba."

Kazi yake haitaki nguvu. Kikonyo, kile kijiti cha kuungwa, kinachongwa kama kabari, kila upande kwa mkato mmoja uliolala, bila kurudia, ili ngozi mbichi iliyo chini ya gome ikutane na ya mche bila mwanya; halafu unafunga kwa utepe wa nailoni. Vijana wengi wanatumia wembe. Baba mdogo anasema wembe unapinda kwenye kikonyo kigumu na mkato unakuwa na tumbo. Okapi ya babu anaitumia kukatia majani makavu ya migomba. Kwa kikonyo bapa lake ni nene mno.

Asubuhi ya pili nikamkuta amechutama kando ya ndoo ya maji, anakisugua kile kisu kipya nilichompa kwenye jiwe, upande mmoja tu. Roho iliniuma. Kiwandani wamekinoa pande zote mbili, sawasawa kabisa, na yeye anakula chuma cha watu. Hakuinua hata kichwa. Alipomaliza akachukua kikonyo, akakata mara moja, akanionyesha: ule mkato uling'aa kama kioo, umenyooka. Visu vya kubebeshea hunolewa hivyohivyo, upande mmoja. Mimi sikulifikiria hilo nilipokuwa nalinganisha gramu dukani.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akakikunja. Kisha akakifungua upande wa pili, akatazama kile cha kufungulia soda na kile cha kukatia makopo.

"Ukija tena lete viwili. Ila waambie haya mengine wayatoe, yanaongeza uzito bure."