Bahari Isiyokupwa

Mama alipostaafu ualimu aliniomba kitu kimoja tu: aione Iskandaria, mji wa bandari wa Misri. Amefundisha historia Kilwa Masoko miaka mingi, na kila mwaka alikuwa akiwasimulia watoto habari za Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule kwa uzuri wake. Miaka mitano kabla ya hapo msafiri huyohuyo alikuwa Iskandaria, akautembelea ule mnara mkuu wa taa za mabaharia, nao umekwisha kubomoka upande mmoja. "Nusu ya safari yake nimeifundisha bila kuiona," Mama aliniambia. Nikadunduliza miaka miwili. Sikutaka akalale popote tu. Nilitaka aamke asubuhi, afungue dirisha, apaone pale mnara uliposimama.

Basi Januari tukapanda treni Cairo, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Njia nzima ni mashamba ya kijani na mifereji, na Mama hakuondoa macho kwenye maji. Alikuwa anawaza Jinja, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. "Maji yetu haya," alisema, "yamekuja mbali."

Hoteli yetu ilikuwa Cecil, inayotazama Bandari ya Mashariki. Ilifunguliwa mwaka 1929, na waliwahi kulala humo akina Churchill na Agatha Christie. Tulipoingia, mzee wa mizigo alimwona Mama na mtandio wake akamwambia, "Itfaddali, ya Hagga," yaani karibu, Hajati. Mama aliwahi kuhiji kweli. Alinyooka mgongo, akajibu salamu kwa Kiarabu cha madrasa, na tangu hapo hakuna mfanyakazi aliyemwita jina lingine. Chai ya Hagga. Mto wa pili wa Hagga. Mashuka yalikuwa meupe na mazito, yamenyooshwa kwa pasi mpaka kwenye pindo, na Mama aliyapapasa kwanza kwa kiganja kabla ya kukaa.

Nilimweleza habari ya jengo lenyewe, maana nilikuwa nimeisoma. Lilijengwa na familia ya Metzger, Wayahudi waliokuwa wakiishi Misri. Baada ya mapinduzi ya 1952 serikali ikalichukua, na familia ikaondoka nchini. Kesi ikaburutwa miaka na miaka, hadi 2007 wakarudishiwa haki yao, kisha wakaiuzia serikali. Mama alinyamaza kidogo, akauliza, "Walirudi wakalala humu hata usiku mmoja?" Sikuwa na jibu. Aliugusa ukuta kwa upole, kama mtu anayebisha hodi, akatoka kwenda roshani.

Hapo roshani ndipo alipokaa siku mbili. Ng'ambo ya ghuba inaonekana ngome ya Qaitbay, aliyoijenga sultani wa jina hilo mwaka 1477 juu ya magofu ya mnara, akiyatumia na mawe yake. Tulikwenda, bila shaka, na mle ndani ni pazuri, baridi, upepo unapiga mluzi kwenye matundu ya kutazamia adui. Ibn Battuta alipopita tena mwaka 1349 aliukuta mnara umeharibika hata mlango wake haufikiki. Mama alisimama pale akayasema hayo kwa sauti ya darasani, na mimi nikawa mwanafunzi wake tena.

Lakini kilichomkalia moyoni kilikuwa kingine. Asubuhi ya kwanza alichagua bonge moja la zege chini ya ukuta wa barabara ya pwani, lenye mwani hadi katikati. Saa sita akaniita: "Mwanangu, hebu tazama. Maji yako palepale." Alasiri, palepale. Magharibi, palepale. Mtu aliyekulia pwani yetu, ambako wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hawezi kulistahimili jambo hilo. Bahari ile ya Mediterania imefungwa. Inaungana na Atlantiki kwa mlango mwembamba tu wa Gibraltar, kiasi cha kilomita 14 kwa upana, kwa hiyo hapo Iskandaria kupwa na kujaa kwake hata nusu mita hakufiki. Nilimweleza. Alielewa, ila hakuridhika.

"Sasa wanajuaje wakati wa kwenda baharini? Na kina mama wanakwenda wapi kutafuta pweza?"

Swali hilo tukalipeleka Anfushi, mtaa wa wavuvi wa hapo mjini, kwa mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu. Kijana wa kando alitutafsiria. Mvuvi alicheka, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: wao hawafuati maji, wanafuata upepo. Dhoruba za kipupwe wanaziita nawwa, kila moja ina jina na siku zake. Ya Novemba ni Maknasa, yaani ufagio, kwa kuwa inafagia kila kitu. Mama akamweleza kaskazi na kusi, na mashua zetu, na siku za maji mafu. Wakaelewana sana. Samaki kwao ni samak, bahari ni bahr, na palipokwama neno mikono ikamalizia. Tuliondoka na samaki wawili tuliopewa bure, na jiko la hoteli likakubali kutukaangia. Nawashukuru mpaka leo.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Mama roshani, koti begani, simu mkononi, sauti imefunguliwa. Alikuwa amempigia mama mdogo, Kilwa.

"Maji yako wapi hivi sasa?"

"Yamekupwa, dada. Mwamba wote uko nje. Wanawake wameshateremka."

"Wamepata?"

"Ndiyo kwanza wanaanza kuchokoa."

Mama alilitazama bonge lake la zege, akavuta kiti karibu na ukingo. "Usikate," alisema. "Niambie wakipata."