Ukanda wa miti ya asili: adui wa kwanza ni nyasi

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Usambara, moto mwingi hauzaliwi msituni. Mtu anasafisha shamba, au warina asali wanaacha kijinga cha moto kinafuka, kisha nyasi zilizokauka zinaupandisha moto hadi ukingoni mwa msitu. Kazi ya ukanda wa miti, unaopandwa hapo ukingoni kuzuia moto, ni kuziua nyasi hizo kwa kivuli.

Kwa hiyo mti kuwa wa asili hakutoshi. Oktoba 2020, moto uliowaka sehemu za juu za Kilimanjaro uliteketeza vichaka vya erika, mmea wa asili kabisa wa mlima huo. Mwangati nao ni wa asili, lakini una mafuta na hushika moto upesi. Tafuta mti unaobaki na majani mabichi kiangazi na wenye kivuli kizito. Mkaratusi hauna nafasi hapa: majani yake yana mafuta, na magamba yake hubanduka yakapeperushwa na upepo yakiwaka.

Kwa maeneo yenye unyevu chini ya msitu, chagua msesewe, mzambarau mwitu na mkuyu, na masale, mmea wa kuwekea mipaka, katikati yao. Mringaringa ni mti mzuri wa mbao, ila hupukutisha majani kiangazi. Upande shambani, mbali na ukanda.

Ukanda wa mita 12 kwa urefu wa mita 100 unachukua mistari 6, mita 2 kati ya mistari na mita 2 kati ya miche. Hiyo ni miche 300, otesha 350. Panga kwa pembetatu, mche mmoja utazame nafasi iliyo kati ya miwili ya mstari wa mbele. Nafasi ni finyu makusudi, ili matawi yakutane mapema. Penye mteremko mkali ongeza hadi mita 20, maana mwendo wa moto unaopanda huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za mwinuko.

Mbegu za mzambarau mwitu zipande zikiwa mbichi, ndani ya siku chache tu, zikikauka zimekufa. Mkuyu hushika kwa vipandikizi. Msesewe, chukua maotea, yaani miche iliyojiotea, chini ya mti mama baada ya mvua, yang'olewe na bonge la udongo.

Mashimo ya sentimita 45 yachimbwe kabla ya masika. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na nusu debe la samadi iliyooza, uurudishe kwanza. Subiri unyevu ufike sentimita 30 chini ndipo upande. Kiriba kitolewe chote, na mizizi iliyojiviringa ikatwe. Ukiiacha, mti hudumaa miaka miwili baadaye na hutajua sababu. Miche ya vuli hukutana na jua la Januari ingali michanga, kwa hiyo masika ni salama zaidi.

Miaka 3 ya mwanzo ndiyo ya hatari, kwa sababu ukanda wenyewe bado ni nyasi. Palilia kisahani cha mita 1 kuzunguka kila mche, fyeka kwingine kote, na upande wa shamba acha mita 4 tupu, zisafishwe kabla Juni haijaisha na tena mwishoni mwa Desemba. Mtelemkoni fyeka na ukusanye kwa reki. Jembe litalegeza udongo, na mvua ikinyesha utaondoka. Nyasi zilizofyekwa zitoke nje ya ukanda: ng'ombe wa zizini wanazingoja. Matandazo ni ya msimu wa mvua, kiangazi ni kuni.

Usipogoe mapema. Ukikata matawi ya chini kabla kivuli hakijafunga, nyasi zinarudi. Kikishafunga, pogoa hadi mita 2 kutoka ardhini, bila kuzidi theluthi ya urefu wa mti, moto wa chini usipate ngazi.

Msesewe una tatizo lake: magome yake huwekwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, na mti uliobanduliwa pande zote hufa. Panda mitano karibu na nyumba kwa kazi hiyo, ukanda uachwe.

Kila masika kagua mapengo. Miche mitatu ikifa pamoja inaacha uwazi wa nyasi, na moto hupita papo hapo hata kama mistari mingine imefunga. Ile 50 ya ziada kitaluni ni ya kuziba hapo.