Ijumaa ya krispi, Sheffield

Jana usiku mpwa wangu kanitumia voisi kwa WhatsApp, ndefu kweli, anauliza mjomba huko Uingereza mtu anakula nini hasa, na si chakula cha usiku manake kupika anajua, mamake alimfunza tangu mdogo, anauliza vile vitu vya katikati, uko chuo saa saba mchana njaa imekushika na darasa lingine ni saa nane. Anaenda September inshallah. Nlianza kumjibu kwa voisi nami, nkaizima, manake katikati ya kumueleza bei za sandwichi nlikumbuka ile Ijumaa na sikuweza tena kuendelea na bei.

Lakini bei kwanza, asije akasema nimemficha. Supermarket karibu zote zina kitu wanaita mil dili, unachukua sandwichi, kinywaji na kitu kimoja cha kutafuna, vyote kwa bei moja. Mwaka wangu wa kusoma huko Sheffield, 2018 kwenda 2019, pale Tesco ilikuwa pauni 3, karibu shilingi mia nne za Kenya kwa wakati ule, sa hii imepanda. Sandwichi ziko kwenye vijiboksi vya pembetatu, baridi kama zimetoka friji manake kweli zimetoka friji, na kwa sisi tusiokula nguruwe wala nyama isiyochinjwa zinabaki za yai, za jibini na kitunguu, za tuna na mahindi, na za kamba kwenye mayonezi. Kamba wa baridi, mtu wa Mombasa, wacha tu. Mara ya kwanza niliitafuna ile sandwichi nikimfikiria mamangu na wale kamba wake wa nazi na nikaimaliza kwa sababu nilikuwa nimeilipia.

Jioni kuna stika za njano. Mfanyakazi anapita na kimashine chake anabandika bei mpya kwenye vitu vinavyomaliza siku yao, mkate, sandwichi, matunda ya kukatwa, na wanafunzi wanajua saa zake vizuri sana. Hakuna haya pale, profesa nimemuona, mzee wa pensheni nimemuona, wote tunangoja. Halafu Greggs, duka la mikate na vitafunio, iko kila kona, ile sosej roli yao, nyama imeviringishwa ndani ya unga, ni nguruwe kwa hivo asubuhi nlikuwa napita mlangoni na harufu inanifuata mpaka stendi ya tramu, mpaka January 2019 wakatoa ile isiyo na nyama, nchi nzima ikabishana kwenye tivii kama ni sawa au si sawa, mimi nlikwenda zangu nkaila ya moto na nkafurahi sana siku hiyo. Na chips, usizile Sheffield bila Henderson's Relish, ni sosi yao nyeusi nyembamba ya pale pale mjini, wanaitengeneza tangu 1885, haina nyama haina samaki, na wenyewe wanaipenda kupita kiasi.

Kahawa nayo ina ngazi zake. Ya chini ni ile ya unga, kila jiko la wanafunzi lina birika la umeme na kopo la kahawa ya unga, unakoroga unatia maziwa ya friji bas. Ya kati ni ya mashine ya chuo, kikombe cha karatasi, inakupa joto la mikono zaidi ya kitu chochote. Ya juu ni ya madukani, latte, cappuccino, flat white, wakati wangu ilikuwa inapita pauni mbili na nusu kikombe kimoja na ukiifanya ya kila siku mwisho wa mwezi utaulizana na akaunti yako. Mimi nlikuwa na chupa ya chai, thamosi ya madukani tu, nanunua kahawa ya kusaga naichemsha kwa sufuria na tangawizi, naichuja kwa kichujio cha chai, naibeba. Ilikuwa haifiki hata robo ya ile ya Mji wa Kale kwetu Mombasa lakini tangawizi inasaidia baridi.

Chakula nlizoea upesi, wallahi. Kukila peke yangu ndo kulinichukua muda. Kahawa ya jioni kwetu hakuna mtu anayeinywa peke yake, muuzaji anamimina, kikombe kinarudi kinaoshwa anapewa aliye kando yako, na hata usipomjua mshakuwa na mazungumzo. Pale chuo tulikuwa na chumba cha kompyuta cha watu wa masters, uhandisi wa maji, na saa sita na nusu kila mtu anafungua chake mbele ya skrini yake. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Barnsley, mji wa jirani, mkubwa kutushinda kidogo, alifanya kazi miaka kabla ya kurudi kusoma. Sandwichi zake anatoka nazo nyumbani zimefungwa foili, paketi moja ya krispi, tofaa moja. Anakula akiangalia skrini, akimaliza anaikunja ile foili mara mbili mara tatu mpaka inakuwa ndogo kama stempu, anaitia mfukoni. Hamuangalii mtu na hakuna anayemuangalia. Mimi nlikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Wiki za mwanzo nlikuwa nikifungua changu namsogezea kwanza, anakataa kwa upole kabisa, anasema yuko sawa, anarudi kwa kazi yake. Kwetu ukikataa hivo siku tatu mfululizo watu wanaanza kuuliza kuna ugomvi gani. Nkaacha kumsogezea, nkawa na mimi nakula nimeangalia grafu za mafuriko.

Bas, February ile ya 2019 kama kuna mtu alikuwa Uingereza atakumbuka, jua lilitoka jua la ajabu, huko London lilipita nyuzi 21 na watu walikuwa hawajawahi kuona kitu kama hicho wakati wa baridi. Sheffield watu walivua makoti. Ijumaa mchana tukawasilisha ripoti ya kikundi, tulikuwa watano, mimi, huyo wa Barnsley, dada mmoja wa Kinigeria kutoka Ibadan, Mchina mmoja na Mgiriki mmoja, usiku wa kuamkia siku hiyo hatukulala wote, na mtu akasema twendeni tukakae pahali. Pahali maana yake baa. Mimi nlikuwa sijawahi kukanyaga, wala sikutaka kuanza, lakini ilikuwa na meza za mbao nje upande wa barabara, zile zenye mabenchi yameshikana na meza, na jua lilikuwa bado lipo, nkawaambia mimi nakaa hapa hapa. Dada wa Ibadan akakaa na mimi. Jamaa wa Barnsley akaniuliza nitakunywa nini, nkamwambia kahawa, na hilo naliweka moyoni mpaka leo, hakushangaa, hakuuliza mara mbili, aliingia ndani kama nimemwambia kitu cha kawaida kabisa.

Akatoka ameshika glasi tatu kwa mikono miwili, zimebanana, na mdomoni ameuma pembe za paketi mbili za krispi zinaning'inia kidevuni. Nyuma yake Mgiriki na kahawa yangu, kikombe cheupe juu ya kisahani, na biskuti moja ndogo kwenye karatasi yake. Akaweka glasi, akazitoa paketi mdomoni, akakaa. Zilikuwa Seabrook, kiwanda cha Bradford, zile zenye mikunjo, moja ya chumvi na siki na moja ya jibini na kitunguu.

Nlidhani atafungua ile moja ale kama anavyokula kila siku.

Aliigeuza mgongo juu, pale kwenye ule mshono mrefu unaopita kati. Akaikamata huku na huku kwa vidole, akavuta polepole, mshono ukaachia toka juu mpaka chini bila krispi hata moja kuruka, kisha akapasua ncha hii, akapasua ncha hii, akailaza wazi katikati ya meza, upande wa rangi ya fedha uko juu, krispi zote zimerundikana hapo na chumvi inang'aa kwa lile jua. Upepo ukaja ukataka kuibeba. Akaweka glasi yake pembe moja, akanyoosha mkono akachukua kisahani changu cha kahawa, kikombe akaniachia mkononi, kisahani akakiweka pembe ya pili. Halafu ya jibini akaifanya hivo hivo. Wakati wote huo hakunyamaza, alikuwa anamueleza Mgiriki habari za Barnsley FC, walikuwa daraja la tatu msimu ule na kweli mwisho wake walipanda, alikuwa anaongea mpira na mikono inafanya hii kazi peke yake, kama mikono iliyoifanya tangu utoto.

Mkono wa Mgiriki ukaenda. Wa Mchina ukaenda, akachukua tatu. Dada wa Ibadan alishaanza kitambo. Mimi nlikuwa nimeshika kikombe changu nangoja nikaribishwe, manake ndivyo tulivyolelewa, chakula cha mtu hukigusi mpaka aseme, na kwa miezi mitano pale sikuwa nimeona mtu akimpa mtu kitu alichonunua. Hakuna aliyesema kitu. Jamaa wa Barnsley yuko kwenye goli la dakika za mwisho huko. Na bila kunitazama, bila kukata maneno yake, akaweka kidole kimoja kwenye ukingo wa ile karatasi akaizungusha kidogo, ule upande uliojaa ukaja kwangu.

Kidole kimoja tu. Kwenye sinia la pilau mtu mzima huisukuma nyama upande wa mgeni namna hii hii, na hamtazami mgeni usoni asije akamtia haya. Marehemu babu yangu alikuwa akifanya hivo, nimemuona mara nyingi sana na sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu wa Yorkshire, yaani wa sehemu hizo za Sheffield na Barnsley, aliyefunzwa kitu kama hicho na babu yake.

Nkala. Siki inachoma pembe za mdomo, si siki ya kubembeleza ile, nkaikumbuka Lighthouse ya Mombasa jioni, krispi za muhogo zimemwagiwa pilipili na ndimu, tumejazana kwenye gari la ami. Kahawa ilikuwa nyepesi na ya moto na ilikwenda na siki vizuri kuliko nnavyoweza kueleza. Biskuti nkaikata mbili na dada wa Ibadan. Tulikaa pale saa moja, labda zaidi, na krispi zilipokwisha jamaa akaikunja ile karatasi ya kwanza ikawa kama mrija, yale makombo ya mwisho yenye chumvi yote akammiminia Mchina kwenye kiganja, na karatasi akaikunja tena na tena mpaka ikawa kipembetatu kidogo, akaichomeka chini ya glasi. Jua likazama, nkawaaga, nkawahi magharibi.

Jumatatu nlifika chumba cha kompyuta nikiwa na furaha, siwezi kusema nlitarajia nini, lakini kitu nlitarajia. Saa sita na nusu akafungua foili yake, krispi akaifungua kwa juu, akala akiangalia skrini. Akanisalimu vizuri, aliniuliza wikendi ilikuwaje. Lakini krispi ilikuwa yake.

Iliniuma kidogo, na nimefikiria sana tangu hapo. Labda saa ya chakula cha mchana kwao ni mapumziko ya mtu, yaani ndo nusu saa yake ya kutozungumza na yeyote, na kumsogezea sahani ni kumtoa humo. Labda kinachonunuliwa kuletwa mezani ni cha meza na kinachotoka nyumbani ni cha mtu. Dada wa Ibadan yeye alisema ni bia inayofanya hivo, mimi siamini, manake ile paketi ilipasuliwa kabla hajaonja hata tone. Kuna utaratibu wao pia wa raundi, kila mtu kwa zamu anawanunulia wote, na hakuna anayeandika popote lakini wote wanajua zamu ya nani. Ijumaa iliyofuata nlijua zamu yangu iko karibu na pombe siwezi kuinunua, nkaenda dukani kabla, nkarudi na krispi za watu wote, nkazipasua mwenyewe kwa mshono wa nyuma. Ya kwanza ilichanika vibaya nusu ikamwagika benchi, jamaa wa Barnsley akaniwekea kidole pale pa kuanzia kuvuta, ya pili ikaja sawa.

Toka hapo raundi yangu ikawa ni krispi na hakuna aliyewahi kunihesabia. Ila Jumatatu mpaka Alhamisi tuliendelea kula vile vile, kila mtu na skrini yake, mpaka naondoka, na sijui mpaka leo kama nlipaswa siku moja niipasue paketi pale baina ya viti vyetu viwili au hilo lingekuwa kumsumbua.